Barua ya Rostropovich: iligharimu nini na nani alilipa zaidi

Tarehe 31 Oktoba 1970 Mstislav Rostropovich, mpiga selo ambaye Urusi ilikuwa haina mwingine wa kumfikia, aliandika barua kwa wahariri wa magazeti manne ya Moscow, Pravda, Izvestia, Literaturnaya Gazeta na Sovetskaya Kultura, akimtetea mwandishi Aleksandr Solzhenitsyn ambaye kipindi hicho alikuwa anaishi kwake. Hakuna hata gazeti moja kati ya hayo lililoichapa. Ikavuka mpaka, magazeti ya Magharibi yakaitoa, na kuanzia hapo kazi ya huyu bwana ikaanza kubomolewa kidogo kidogo kwa miaka mitatu na nusu hivi, mpaka Mei 1974 akapanda ndege akaondoka.

Wengi wanakisimulia hiki kisa kwa kifupi sana, yaani msanii jasiri, serikali katili, akaondoka, Ukuta wa Berlin ukaanguka akaenda kupiga selo pale, basi. Mimi naona tukikisimulia hivo tunaruka yale yenye uzito. Kwanza kuna jinsi adhabu yenyewe ilivyofanya kazi, maana huyu hakupelekwa jela wala hakuna mahakama iliyomsomea mashtaka, na bado walimmaliza. Halafu kuna swali la nani aliyebeba mzigo wake, na hapo jina linalonijia mimi ni la mkewe, Galina Vishnevskaya.

Kwa asiyemjua, Rostropovich alizaliwa Baku tarehe 27 Machi 1927, baba mpiga selo, mama mpiga piano. Selo ni ndugu mkubwa wa fidla, mpigaji anakaa kwenye kiti anaiweka katikati ya magoti, sauti yake ni nzito na inabeba majonzi vizuri kuliko ala nyingi ninazozijua. Vita ilipofika familia ilihamishiwa Orenburg, baba akafia huko 1942, kijana ana miaka 15 tu. Mwaka uliofuata akaingia Konsavatori ya Moscow, chuo cha muziki, akasoma selo kwa Semyon Kozolupov, na mambo ya kupangilia muziki wa okestra akafundishwa na Dmitri Shostakovich mwenyewe. 1945 akashinda mashindano ya wanamuziki vijana wa nchi nzima. Njia ilikuwa imeshafunguka.

Sasa ili uielewe barua ya 1970 lazima urudi 1948, na hapa naomba tukae kidogo.

Februari 1948 Kamati Kuu ya Chama cha Kikomunisti ilitoa azimio la kuwashutumu watunzi wakubwa wa nchi, Shostakovich, Prokofiev, Khachaturian na wengine, kwamba muziki wao unafuata mitindo isiyo na maana kwa wananchi, kwamba hauimbiki, kwamba ni wa kigeni. Nyuma yake alikuwa Andrei Zhdanov, mtu wa siasa, si wa muziki. Shostakovich akaondolewa kazi ya kufundisha Moscow na Leningrad pia. Kazi zao nyingi zikatolewa kwenye ratiba za konseti, na mtunzi wa Kisovieti ambaye kazi zake hazipigwi maana yake hana hela. Rostropovich mwenyewe alikuja kusimulia kwamba kuna siku Prokofiev alimwambia nyumbani hakuna hata pesa ya chakula, kijana akaenda Umoja wa Watunzi kudai mzee apewe chochote. Prokofiev! Mtu ambaye dunia nzima ilikuwa inapiga kazi zake.

Kilichomkaa kijana huyu wa miaka 20 na kidogo ni zile kelele za magazetini. Walimu wake wanatukanwa kila siku, na wanaowatukana ni watu wasiojua kusoma hata mstari mmoja wa noti, halafu wanamuziki wenzao wanasimama kwenye mikutano wanaunga mkono, wengine kwa uoga, wengine kwa sababu kiti cha mkubwa kikibaki wazi na wao wanaweza kukikalia. Magazeti hayo ya 1948 Rostropovich aliyatunza. Aliyaweka zaidi ya miaka 20, na kwenye barua akasema wazi kwamba ameyatunza. Ndo maana mimi nasema barua ile haikuanza na Solzhenitsyn. Solzhenitsyn alikuwa sababu ya kuiandika, ila deni lilikuwa la tangu Shostakovich na Prokofiev.

Na hao wazee wawili walimlipa kwa muziki. Prokofiev alimwandikia sonata ya selo, Rostropovich akaipiga mbele ya watu 1950 na Sviatoslav Richter kwenye piano, halafu Februari 1952 ikaja ile kazi kubwa ya selo na okestra ambayo Richter aliacha piano akaongoza okestra, na hakuongoza tena maisha yake yote. Prokofiev akafariki tarehe 5 Machi 1953, siku ileile aliyokufa Stalin. Shostakovich akaandika konseto ya kwanza ya selo, yaani kazi ya selo ikisindikizwa na okestra, mwaka 1959, Rostropovich akaihifadhi yote kichwani kwa siku nne, akaipiga Leningrad tarehe 4 Oktoba chini ya Yevgeny Mravinsky. Ya pili ikaja 1966. Mwingereza Benjamin Britten naye alimsikia London 1960, na tangu hapo akamwandikia sonata, kazi kubwa ya selo na okestra iliyosikika mara ya kwanza Moscow mwaka 1964, na suti tatu za selo peke yake. Leo mwanafunzi yeyote wa selo duniani akifungua daftari lake la kazi za karne ya 20, nusu yake imepita mikononi mwa huyu mtu.

Kwa hiyo 1970 alikuwa na kila kitu. Tuzo ya Stalin 1951, Tuzo ya Lenin 1964, Msanii wa Watu wa Muungano wa Kisovieti 1966. Anafundisha Konsavatori. Anaongoza opera Bolshoi, nyumba kuu ya opera ya Moscow. Ana nyumba ya mapumziko Zhukovka nje ya Moscow, sehemu ya wanasayansi na wakubwa. Galina alikuwa soprano kinara wa Bolshoi, yaani mwimbaji wa sauti ya juu ya kike, walikutana 1955 kwenye safari ya Prague na baada ya siku chache tu wakawa mke na mume, wana mabinti wawili, Olga na Elena.

Hapa lazima nieleze kitu ambacho bila hicho adhabu haieleweki. Msanii wa Kisovieti hakuwa na wakala wake, hakuwa na paspoti ya kusafiria mfukoni, hakuwa na uwezo wa kumpigia simu mwenye ukumbi wa London akapanga tarehe. Safari zote za nje zilipitia ofisi moja ya serikali iitwayo Goskontsert, chini ya Wizara ya Utamaduni. Wao ndo wanaokubali mwaliko au wanakataa, wao ndo wanaopokea malipo, msanii anaachiwa sehemu ndogo na iliyobaki inaingia serikalini. Na ndani ya nchi ni vilevile, kumbi ni za serikali, okestra za serikali, redio na televisheni na kampuni ya sahani za muziki, Melodiya, vyote vya serikali. Mlango mmoja tu. Anayeshika ufunguo akiamua huingii basi huingii, wala hahitaji kukufunga, na wala hahitaji kukuambia kwa nini.

Walishaonja hilo. 1962 Britten alikuwa amemwandikia Galina sehemu ya soprano kwenye kazi yake kubwa ya kuwaombea waliokufa vitani, ipigwe kwenye uzinduzi wa kanisa kuu la Coventry lililojengwa upya baada ya mabomu ya Wajerumani. Britten alitaka Mrusi, Mwingereza na Mjerumani wasimame pamoja waimbe, na hilo ndo lilikuwa wazo lote. Moscow ikakataa kumruhusu. Galina akabaki, Heather Harper akaimba badala yake, akijifunza sehemu hiyo kwa siku chache.

Halafu 21 Agosti 1968. Rostropovich yuko London, Royal Albert Hall, na Okestra ya Taifa ya Kisovieti chini ya Yevgeny Svetlanov, na kazi iliyokuwa kwenye ratiba ni konseto ya selo ya Dvořák, mtunzi wa Kicheki. Na usiku wa kuamkia siku hiyohiyo vifaru vya Kisovieti vilikuwa vimeingia Prague. Nje watu wanaandamana, ndani kuna waliopiga kelele kabla muziki haujaanza. Akapiga huku machozi yanamtoka, na mwisho akanyanyua juu kitabu cha noti za Dvořák watu wakione. Rekodi yake ipo, isikilizeni, mwanzo wake una zile kelele. Mimi naichukulia siku hiyo kama dalili kwamba huyu mtu hatavumilia sana.

Sasa Solzhenitsyn. Walifahamiana Ryazan, alipokuwa anaishi mwandishi, Rostropovich alikwenda kupiga huko akamtafuta. Vuli ya 1969 mwandishi alikuwa hana pa kufanyia kazi, baridi inakuja, kazi zake hazichapwi, na Novemba mwaka huohuo Umoja wa Waandishi ukamfukuza. Rostropovich na Galina wakampa nyumba ndogo ya wageni pale Zhukovka. Shida ni kwamba enzi za Kisovieti huwezi kuishi Moscow na viunga vyake bila kibali cha makazi, na Solzhenitsyn hakuwa nacho, kwa hiyo polisi wakawa wanakuja kuuliza huyu anakaa hapa kwa ruhusa gani, na wakubwa wizarani wakamwita mwenye nyumba wakamshauri amtoe. Rostropovich jibu lake lilikuwa rahisi, mtu hana pa kwenda, mimi nimtupe nje kwenye baridi? Mwandishi akakaa pale miaka karibu minne.

Tarehe 8 Oktoba 1970 Solzhenitsyn akatangazwa mshindi wa Nobel ya fasihi. Magazeti ya Moscow yakaanza tena, na maneno yalikuwa yaleyale ya 1948, jina tu ndo limebadilika. Hapo Rostropovich akakaa chini akaandika.

Barua yenyewe ukiisoma si ya mtu mwenye hasira, imepangwa. Anakumbusha kwamba kabla ya hapo Nobel ya fasihi imeshaenda kwa waandishi wawili wa Kisovieti, Pasternak 1958 na Sholokhov 1965. Solzhenitsyn ni wa tatu. Mara mbili kati ya hizo tatu tumesema ni mchezo mchafu wa kisiasa, na mara moja, ya Sholokhov, tumesema ni heshima ya haki kwa fasihi yetu. Sasa ipi ni ipi? Halafu anafungua lile faili lake la 1948, anawauliza wahariri, yale mliyowaandikia Shostakovich na Prokofiev hamuoni aibu leo mkiyasoma, wakati hao leo mnajivunia? Na anauliza kwa nini kwenye sanaa yetu neno la mwisho huwa ni la watu ambao hawaijui hata kidogo. Anasema kila mtu awe na haki ya kufikiri kwa kichwa chake na kusema bila woga juu ya kile anachokijua na alichokiishi. Na anamalizia kwa kusema anajua kabisa kwamba baada ya barua hii yatatoka na maoni kuhusu yeye, na hayaogopi.

Galina alipinga mwanzoni. Ameandika mwenyewe baadaye. Alimwambia barua haitachapwa, haitamsaidia Solzhenitsyn, na wewe utapoteza kila kitu na sisi pamoja na wewe. Na ukweli ni kwamba kwa upande wa matokeo alikuwa sahihi neno kwa neno. Barua haikuchapwa nyumbani. Solzhenitsyn alikamatwa Februari 1974 akatupwa Ujerumani Magharibi kesho yake. Lakini alipoona mumewe hatarudi nyuma alikaa naye wakaipitia, akaikubali, na tangu siku hiyo hakuwahi kujitenga nayo ili ajiokoe. Angeweza. Bolshoi wangempokea kwa mikono miwili kama angesema tu mimi simo.

Basi ikaanza. Na hapa ndo panapaswa kuangaliwa kwa makini, kwa sababu hakuna siku moja ambayo unaweza kusema leo wamemwadhibu. Safari za nje zikafutwa moja baada ya nyingine, waandaaji wa huko wanaambiwa msanii anaumwa au ana majukumu mengine. Opera aliyokuwa anaongoza Bolshoi akaondolewa. Okestra kubwa za Moscow na Leningrad zikaacha kumwalika. Redio ikakaa kimya, televisheni ikakaa kimya. Galina akawa bado anaimba Bolshoi ila gazeti likiandika habari za onyesho linataja waimbaji wengine, yeye linamruka. Rostropovich akabaki kuzunguka mikoani, 1973 akaenda kuongoza okestra ya Ulyanovsk kwenye miji ya mto Volga, na hata huko mikoani simu zilikuwa zinawahi kufika kabla yake, kuna konseti zilifutwa dakika za mwisho bila maelezo.

Kinachoniuma mimi zaidi ya wizara ni watu wa kawaida waliofanya kazi hiyo. Waziri wa Utamaduni wakati huo alikuwa Yekaterina Furtseva, lakini Furtseva hakwenda kila ukumbi kufuta kila konseti. Kulikuwa na meneja wa ukumbi aliyepokea simu, mhariri aliyefuta jina, mpangaji wa ratiba aliyesema mwezi huu tumejaza. Kila mmoja alifanya kakipande kadogo, na kila mmoja akienda nyumbani usiku angeweza kusema mimi sijamfanya mtu kitu. Mfumo ulijengwa hivo makusudi, ili asipatikane wa kumlaumu, na mlengwa abaki anajiuliza kama kweli anaadhibiwa au ni bahati mbaya tu.

Niweke na upande wa pili wa mizani, maana bila huu tutampa Rostropovich sifa kupita kiasi. Alikuwa na mwanafunzi anaitwa Mischa Maisky, kijana kutoka Riga. Dada yake Maisky alihamia Israel 1969. Kijana akakamatwa 1970 kwa kosa la kununua kifaa cha kurekodia sauti kwa njia za magendo, akakaa miezi 18 kwenye kambi ya kazi ngumu karibu na Gorky, na 1972 ndo akafanikiwa kuondoka nchini. Leo ni mmoja wa wapiga selo wakubwa duniani. Mwaka uleule, darasa lilelile, serikali ileile, mmoja anafutiwa safari na mwingine anakwenda kambini. Tofauti ni jina. Rostropovich alijua jina lake lilikuwa ngao, na kwangu thamani ya barua iko hapo, kwamba aliitumia ngao kumkinga mtu mwingine wakati wengi wenye ngao kama yake waliitumia kujikinga wenyewe. Lakini ngao ilikuwepo, tusijifanye haikuwepo.

Kilichowamaliza kabisa kilikuja mwanzoni mwa 1974, na hakikutoka juu. Walikuwa wameruhusiwa kurekodi opera ya Puccini, Tosca, kwa ajili ya Melodiya, Rostropovich anaongoza, Galina anaimba. Kwa mtu aliyefungiwa miaka mitatu hiyo ilikuwa kama mvua. Wakarekodi tendo la kwanza. Halafu waimbaji wenzao wa Bolshoi wakaenda Kamati Kuu ya Chama kulalamika kwamba haifai watu hawa wapewe kazi hii, mmoja wao si ndo anayemuunga mkono Solzhenitsyn. Rekodi ikasimamishwa katikati. Watu walioimba naye jukwaa moja miaka 20! Ni 1948 imejirudia yote, wanamuziki wanasimama dhidi ya wanamuziki, tofauti safari hii ni kwamba yeye ndo Prokofiev.

Usiku huo wakaandika barua ya pili, fupi, kwenda kwa Brezhnev, mkuu wa Chama, kuomba ruhusa ya kutoka nchini na watoto kwa miaka miwili kikazi. Na hapa ngao ikafanya kazi tena. Leonard Bernstein, kiongozi wa okestra wa Marekani, alimwomba Seneta Edward Kennedy alifikishe jambo hili, na Kennedy alipokwenda Moscow Aprili 1974 kuonana na Brezhnev alilitaja. Ruhusa ikatoka haraka. Tarehe 10 Mei wakamruhusu konseti moja ya kuaga kwenye Ukumbi Mkuu wa Konsavatori, akaongoza okestra ya wanafunzi, wakapiga simfoni ya sita ya Tchaikovsky, ya mwisho ambayo mtunzi huyo aliiandika kabla hajafa. Tarehe 26 Mei akaondoka na selo na mbwa wake mkubwa Kuzya. Galina na mabinti wakafuata Julai baada ya mitihani ya shule. Shostakovich alikuwa mgonjwa tayari, akafariki 9 Agosti 1975, na mwanafunzi wake aliyemtetea kwenye barua hakuwepo kumzika.

Nje kwa upande wa kazi Rostropovich alipaa. 1977 akawa kiongozi wa okestra ya taifa ya Marekani pale Washington, akakaa nayo mpaka 1994. Tosca waliyokatishwa Moscow wakairekodi Paris 1976. Na 1978 wakarekodi London opera ya Shostakovich kuhusu yule mke wa mfanyabiashara wa Mtsensk, ileile ambayo Pravda iliivunjavunja tarehe 28 Januari 1936 na Stalin akaiondoa jukwaani, na wakairekodi katika umbo lake la kwanza bila marekebisho ya baadaye. Ukitaka kusikia jibu kamili la 1948 lisikilize hapo, Galina anaimba kama mtu anayelipa kisasi cha mwalimu.

Mwaka huohuo, Machi 1978, wakiwa Paris wanaangalia taarifa ya habari kwenye televisheni, wakasikia wamevuliwa uraia. Hivo tu. Hakuna barua, hakuna simu kutoka ubalozini. Amri ilisema wanafanya mambo ya kuichafulia nchi heshima. Zile safari za miaka miwili zikageuka kuwa za maisha.

Yaliyofuata yanajulikana nami nitapita haraka. Ukuta wa Berlin ulipofunguliwa Novemba 1989 alipanda ndege ya rafiki yake Antoine Riboud, akafika Checkpoint Charlie, kituo cha kuvukia mpaka pale ukutani, tarehe 11, akaazima kiti kwa watu wa hapo, akapiga Bach. Januari 1990 uraia ukarudishwa, na Februari akaingia Moscow na okestra yake ya Washington, ukumbi uleule wa Konsavatori, simfoni ileile ya sita. Agosti 1991 wakati wa jaribio la mapinduzi dhidi ya Gorbachev, kiongozi wa Kisovieti, aliruka kutoka Paris bila viza na bila kumwambia mkewe, akajipenyeza mpaka kwenye jengo alilojifungia Yeltsin, rais wa Urusi, na ile picha yake ameshika bunduki huku mlinzi kijana amelala begani kwake ni ya siku hizo. Alifariki Moscow tarehe 27 Aprili 2007, akazikwa makaburi ya Novodevichy, alikozikwa pia Shostakovich na Prokofiev.

Lakini ngoja nirudi kwa Galina, maana hesabu haijakamilika.

Mpiga selo anaweza kupiga mpaka miaka 70 na zaidi, Rostropovich alifanya hivyo. Ala ikichoka anatengeneza, na yeye hata alipata nje ile selo ya fundi Stradivari ya 1711 iitwayo Duport ambayo akiwa Moscow asingeipata. Mwimbaji hana hiyo nafasi. Sauti ya soprano ina miaka yake, na Galina alizaliwa Oktoba 1926, kwa hiyo barua ilipoandikwa ana miaka 44 na walipoondoka ana 47. Ile miaka mitatu na nusu waliyomfutia jina magazetini na kumnyima redio na rekodi ilikuwa miaka ya mwisho ya sauti yake ikiwa kamili. Mumewe alipoteza muda ambao aliweza kuufidia. Yeye alipoteza muda usiofidika.

Na zaidi ya hapo, selo haina lugha. Rostropovich akipiga Dvořák Washington au Moscow ni kitu kilekile. Galina alikuwa mwimbaji wa opera ya Kirusi ndani ya nyumba ya opera ya Kirusi, na wasikilizaji wanaoelewa kila neno analoimba, waliomwona tangu 1953 alipoimba Tatyana, mhusika wa opera ya Tchaikovsky, pale Bolshoi kwa mara ya kwanza. Paris na London walimpenda sana, lakini hawakuwa na Bolshoi ya kumpa. Alimwimba Tatyana huyohuyo Paris mwaka 1982, mumewe akiongoza okestra, na hiyo ikawa opera yake ya kuaga. Huyu ndiye aliyesema mwanzoni, 1970, kwamba barua itawagharimu, akaiona gharama kwa macho kabla ya mumewe, na bado akaikubali. Kwangu mimi hilo lina uzito kuliko kuandika, maana Rostropovich alikuwa na joto, alikuwa mtu wa kuruka kwanza kufikiri baadaye, kama alivyofanya 1991. Galina alifikiri kwanza.

Aliporudi Moscow alikuwa na miaka 63. Mwaka 2002 akafungua pale mjini kituo cha opera chenye jina lake, kwa ajili ya waimbaji vijana waliomaliza chuo lakini hawajawahi kusimama jukwaani kwenye opera nzima, akawa anawapanga kwenye maonyesho kamili yenye okestra na mavazi. Alifanya kazi hiyo mpaka alipofariki tarehe 11 Desemba 2012, akazikwa Novodevichy pamoja na mumewe.